Pisini, mwanangu na ule wavu wa majani

Nimekaa siku kadhaa bila kuandika, nikingoja hasira ipoe. Haijapoa, basi naandika nayo.

Ni pisini moja, yaani bwawa la kuogelea, ya hapa Lubumbashi, ya wazi, jina naliacha. Bei na saa za kufungua mtaziona kwenye ubao wa mlangoni. Ninayotaka kuwasimulia ni asubuhi moja tu.

Mimi ni mzaliwa wa Bukavu. Kuogelea nilijifunzia Ziwa Kivu pamoja na kaka zangu. Kivu haina mamba, mama alikuwa anatuhofia kina na upepo wa mchana basi. Nilipoolewa nikaja huku Katanga, nilikosa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, ndiyo, lakini maji niliyakosa zaidi. Kuna aina ya uchovu ambayo mimi usingizi hauniondolei, unaondolewa na maji tu.

Nina watoto wawili. Mkubwa ana miaka minne, mdogo ana mwaka mmoja na miezi, bado ananyonya. Baba yao yuko mgodini upande wa Kolwezi, kilomita kama 300 kutoka hapa, wiki mbili kule, wiki moja nyumbani. Wiki akiwepo natoka alfajiri wote wamelala, na narudi hawajamaliza uji. Kazi iko kwenye zile wiki mbili. Mkubwa namfikisha shuleni, mdogo naenda naye kwa taksi kutoka kwetu Kampemba, pamoja na binti anayenisaidia nyumbani. Tunatandika kitenge chini ya mwembe, mtoto ananyonya, analala, mimi naingia. Wanaonyonyesha wananielewa: titi likijaa, hata brasi, ule mtindo wa kuogelea kama chura, inauma, kwa hiyo kunyonyesha kwanza kunatusaidia wote wawili.

Nina dakika arobaini. Mita 200 za kupasha mwili, kisha kroli, mikono ikipishana, mita 50 mara kumi nikipumzika pumzi chache tu, kisha miguu peke yake kwa kibao, namalizia kwa do, yaani chali, polepole. Mara tatu kwa wiki. Nilianza baada ya damu ya uzazi kukoma na mkunga kunikagua, na kwa miezi mingi sikukosa isipokuwa mtoto akiwa na homa.

Na huo mpango wa mwembe sikuuiba. Kabla sijalipa abonema, ile kadi ya kuingia mara kadhaa, nilimwuliza msimamizi, akajibu, "Hakuna neno, Mama, bora mutoto asikaribie maji." Hilo mimi ndiye wa kwanza kulitaka. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto chini ya miaka 5. Binti wangu anajua sheria: mtoto akiamka, anambeba mgongoni, hata kama anataka kutembea.

Sasa asubuhi yenyewe. Ilikuwa msimu wa baridi, mwezi wa sita au wa saba. Mji wetu uko juu, mita kama 1,200, na asubuhi za wakati ule ukipumua unaona mvuke. Maji yasiyopashwa moto yanauma masikio. Ukishaingia usisimame, ukisimama umekwisha. Nilikuwa kwenye ile ya saba kati ya kumi. Nikageuka ukutani, nikavuta mikono mitatu, minne, ghafla kuna kitu mbele ya uso wangu.

Wavu. Ule wavu wa kuokotea majani, jani moja la mwembe limenata ndani yake, umeshushwa kwenye njia yangu kama mtu anavyomzuia mbuzi asiingie shambani. Niliupiga kwa mkono kabla sijaelewa. Nikainua kichwa nikamwona kijana ambaye sijawahi kumwona pale, ameshika ule mti mrefu wa wavu, kandambili za bluu miguuni, na shingoni filimbi ambayo hakuipuliza.

"Mama, mutoto analia. Hapa haiko kreshi."

Kreshi, yaani mahali pa kulelea watoto. Kweli mwanangu alikuwa analia. Aliamka kwenye baridi akalia kama mtoto yeyote, na binti alikuwa ameshambeba anamtembeza. Wababa wawili waliokuwa wanakunywa chai mezani walikuwa wamegeuza vichwa. Nikamwambia, "Kaka yangu, ungeniita. Ungepuliza hiyo filimbi." Akanijibu, mbele ya wale wababa:

"Mama wa batoto anabakiaka ku nyumba."

Nilitoka natetemeka, maji yakinichuruzika, nikajifunga kitenge, nikakaa chini ya mwembe nikamnyonyesha mwanangu palepale. Na yule kijana akaja akasimama hatua tatu kutoka kwetu, na mti wake mkononi, akingoja tumalize tuondoke. Maneno yake ningeyasahau. Kule kusimama siwezi kukusahau.

Abakie nyumbani! Dara Torres wa Marekani alikwenda Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 akiwa na miaka 41, ana binti wa miaka 2, akarudi na medali 3 za fedha. Kwenye mita 50 alikosa dhahabu kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Mimi siendi Olimpiki. Nataka dakika arobaini, mara tatu kwa wiki, na nimezilipia.

Msimamizi yuleyule aliyeniambia hakuna neno akaniambia, "Ni sheria ya nyumba, Mama." Nikaomba nirudishiwe hela za mara zilizobaki kwenye kadi. Akasema haiwezekani. Ndani ya taksi nikaandika kwenye simu, kwa herufi kubwa: MSIENDE.

Ningetuma siku ile, lakini kuna mambo lazima niyaseme hata kama yananiuma. Maji yale ni masafi. Nimejaribu pisini nyingine, nikatoka macho mekundu siku mbili. Hapa mstari wa chini unauona mpaka ukuta wa pili, hata umeme ukikatika mchana kutwa, na umeme wa mji huu mnaujua. Halafu kuna mzee anayefundisha watoto jioni, tunamwita Papa tu. Mwanzoni alinitazama, akachuchumaa ukingoni, akaushika mkono wangu wa kushoto. "Ingiza mukono mbele ya bega, Mama, si mbele ya pua." Hakudai hata franka. Tangu siku ile bega haliniumi.

Na kuna mama wa dirisha la malipo. Siku chache baada ya ule wavu alinitumia ujumbe: "Kuya tu, Yaya. Mutoto nitamubeba miye." Yaya kwetu ni dada mkubwa. Nikaenda. Alimfunga mwanangu mgongoni, akaendelea kuandika risiti zake, mtoto akalala shavu limebanwa kwenye blauzi yake. Niliogelea zote kumi. Nilitoka majini nikiwa nimewasamehe wote, hata mwenye wavu. Kwa hiyo nilitaka kuandika hapa: nendeni, ni mahali pazuri.

Lakini naandika na nakumbuka kitu ambacho siku ile nilikiona bila kukitia maanani. Yule mama alikuwa anaangalia mlango muda wote. Kila mlango ulipofunguliwa, alikuwa anavuta kitenge juu ya kichwa cha mtoto. Alikuwa anamwogopa msimamizi. Mimi nilikuwa nahesabu mizunguko, yeye anahesabu kama kesho atakuwa na kazi. Hapana. Wasio na watoto, nendeni, maji mtayapenda. Mama mwenye mtoto mchanga, mimi siwezi kukwambia nenda. Bado siwezi.

Kadi yangu ina mara nne. Alhamisi baba yao atakuwa Kolwezi. Nitakwenda na mtoto, na kitenge, na thermosi ya uji, na kabla sijavua viatu nitamwomba msimamizi aandike kwa mkono wake, nyuma ya ile kadi, kwamba mtoto anaruhusiwa chini ya mwembe na kwamba aliyembeba hana kosa. Akiandika, nitabadilisha maneno yangu hapa siku hiyohiyo.