Shafti, difu au siivi: Defender yako uanze kununua nini

Ukweli ni kwamba kwenye Land Rover Defender udhaifu hauishi, unauhamisha tu. Ukifunga saidi shafti ngumu (chuma kinachotoka kwenye difu kwenda kwenye tairi) mzigo unahamia kwenye difu (gia za katikati ya ekseli), ukiimarisha difu unahamia kwenye propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu), kwaiyo kabla hujatoa hela amua unataka ikatike wapi. Mi nataka ikatike saidi shafti ya nyuma, maana hiyo naibadilisha porini hata kwa tochi ya simu, difu siwezi.

Piga hesabu kidogo. Injini ya 300Tdi ina toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 265, zidisha na gia namba moja (3.69), na low, yaani gia nzito, ya transfa kesi LT230 (3.32), na difu ya 3.54, unapata kama Nm 11,500. Kawaida mzigo huo unagawanywa, ila ukiwa na loku (kifaa kinachofunga difu ili tairi zote mbili zizunguke pamoja) na tairi moja tu ndo limeshika mwamba, karibu wote unaangukia kwenye chuma chembamba kuliko mpini wa jembe.

Namba moja, na najua hamtaipenda: oil sili, bering za wili, krosi joint za propela, oil mpya ya difu na flenji (kisahani chenye meno kinachounganisha shafti na hab, yaani kitovu cha tairi). Ukiingiza gia ukasikia "kok!" chini, toa kale kakifuniko ka mpira kwenye hab uangalie meno ya flenji. Ukikuta unga mwekundu kama kutu na meno yamekuwa makali kama msumeno, basi hata shafti ya bei gani utaiharibu humo humo.

Namba mbili ni shafti za nyuma za chuma kigumu cha chromoly 4340. Hesabu meno kabla ya kulipa, kuna za 10 na za 24, haziingiliani, alafu ya kushoto na ya kulia hazilingani urefu. Ila kama Defender 110 yako (ile ndefu) ni ya zamani na nyuma ina ekseli ya Salisbury, lile dude gumu, hela yako peleka kwingine.

Mi nilijifanya mjanja nikanunua za bei chee zisizo na jina, duka sitalitaja. Njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka, kwenye korongo la mchanga, niko low na mguu mzito, nikasikia tak! injini inanguruma gari haliendi. Nikafungua flenji nikavuta kipande cha nje, cha ndani nikakivua kwa sumaku niliyoifunga kwenye waya, tumehangaika nacho karibu saa nzima na jua lile, alafu nikarudisha flenji tupu na kifuniko chake oil isimwagike, nikaweka loku ya katikati (inayofunga propela ya mbele na ya nyuma pamoja) nikarudi taratibu kwa tairi za mbele. Uzuri wa Land Rover ndo huo, tairi linabebwa na hab, shafti ikikatika tairi halichomoki.

Tatu, siivi za mbele (CV, joint zinazozungusha tairi hata ukikata kona). Hizi zinakufa ukikata usukani mpaka mwisho huku unakanyaga mafuta, hasa rivasi kwenye mawe. Ashcroft wa Uingereza wanatengeneza ngumu, ila kwa tairi za kawaida 235/85R16 na mguu mwepesi mi nisingezigusa kwanza.

Loku naiweka ya nne makusudi, wengi wanaanza nayo ndo maana wanavunja. Loku ya ARB inatumia upepo, unaiwasha ukitaka, na ndo chaguo langu kwa mawe. Difu ya Truetrac haina kompresa wala waya, inajiendesha yenyewe, safi kwa tope la mbuga, ila tairi likining'inia hewani inabidi ukanyage breki kidogo ndo ishike.

Tairi za inchi 35? Subiri kwanza hayo yote yaishe. Na zile shafti za zamani usiuze chuma chakavu, funga moja ndefu na moja fupi chini ya siti pamoja na flenji, gasketi na ile sumaku.