The Impossible: hapa ndo nimeona maji yanavyoua

Jana nimerudia The Impossible ya 2012, ile ya tsunami ya Thailand, na bado sijaona muvi ya majanga inayoigusa. Nyingine zinashindana tu nani abomoe majengo mengi, hii maji yanatokea nyuma ya minazi pale hotelini watu wakiwa kwenye bwawa la kuogelea, miti inalala, halafu giza, unamwona Naomi Watts, anayeigiza mama wa familia, anabiringishwa chini huko na matope, matawi, takataka zote zinamchana. Ule mguu wake jamani!! Niligeuka ukutani mara mbili. Na si kompyuta tupu, sini nyingi walipigia kwenye tangi la maji kule Hispania, ndo maana anavyokohoa unaamini.

Sasa chukua San Andreas ya 2015, muvi ya tetemeko, Dwayne Johnson na boti anapanda wimbi refu kama ghorofa. Inachangamsha, sikatai, ila ule ufa wa ardhi wa San Andreas kule California pande zake zinasuguana kwa ubavu, tena sehemu kubwa uko nchi kavu, wakati tsunami kubwa inataka sakafu ya bahari yenyewe inyanyuke, kama ilivyokuwa pale Sumatra, Indonesia, tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la 9.1, wakafa watu kama 230,000. Tena siku ile sehemu nyingine bahari ilianza kwa kurudi nyuma, watu wakashuka kushangaa samaki. Kuna mtoto wa Kiingereza wa miaka 10 kule Phuket alikuwa amefundishwa hiyo kitu darasani, akapiga kelele mpaka ufukwe ukahamwa.

Ila kama unataka cha kutisha kweli tafuta video ya helikopta ya tsunami ya Japani, Machi 2011. Maji meusi yanatambaa mashambani yamebeba nyumba, wala hayana haraka ukiyaangalia toka juu, na barabarani kuna magari bado yanatembea. Hakuna muziki hakuna kelele. Nilibaki nayaambia yale magari geuza, geuza.

Malalamiko yangu kwa The Impossible ni kwamba familia ya kweli iliyotoa stori hiyo ni Wahispania, wao wakawageuza Waingereza, na Wathai wenyewe waliofiwa kwao wamebaki kubeba majeruhi tu, hata mmoja hatujui stori yake. Halafu zile fidla wakati watu wanatafutana za nini, tulishaanza kulia zamani. Nampa 8 kwa 10, hizo mbili nimekata kwa ajili ya Wathai.