Roses de Chloé katika joto la kaskazi, Tanga

Kwa sisi tuliolelewa Ngamiani, waridi si harufu ngeni. Tumerashiwa kwa mrashi katika maulidi na harusi tangu utotoni, na kabati la bibi halikukosa kichupa cha mafuta ya waridi kando ya udi. Pengine ndiyo sababu manukato mengi ya waridi ya dukani hunichosha: ni mazito, matamu kupita kiasi, na ifikapo Januari, wakati unyevu wa bahari umeganda mwilini, utamu huo humkera hata abiria uliyeketi naye kwenye daladala.

Roses de Chloé haina kasoro hiyo. Ilitolewa mwaka 2013 na Chloé ya Paris, nyumba ya mitindo iliyoanzishwa mwaka 1952 na Gaby Aghion, mzaliwa wa Aleksandria, Misri. Ukiipulizia, inayotangulia ni bergamoti, tunda la jamii ya ndimu na machungwa, yenye ukali mwembamba kama ule unaokurukia puani unapomenya chungwa bichi. Dakika chache baadaye hufunguka waridi la Damaski, nalo halinuki kama maji ya mrashi wala sharubati, bali kama petali iliyochumwa sasa hivi ikiwa bado na umande. Nyuma yake kuna ua la magnolia, na mwisho kabisa miski nyeupe na ambari kidogo, laini kama nguo iliyoanikwa juani ikakauka vizuri.

Udhaifu wake ni kwamba haidumu. Joto hurusha haraka harufu nyepesi, hivyo nikijipulizia shingoni saa mbili asubuhi, kufikia saa sita ngozi haina tena cha kusimulia. Kwenye kitambaa mambo ni tofauti kabisa. Siku moja niliipulizia kwenye pindo la mtandio wa pamba nikaenda Raskazone, na niliporudi magharibi shangazi yangu alinikumbatia, akalishika pindo lile, akalinusa mara mbili na kuniuliza, “Mwanangu, leo umeoga maji ya mawaridi?” Wanaoepuka manukato yenye alkoholi wajue kwamba hii inayo.

Bei yake si ndogo. Mafuta halisi ya waridi la Damaski ni ghali popote, kwa kuwa kilo 1 huhitaji takribani tani 3 hadi 4 za petali zinazochumwa kwa mkono alfajiri, ingawa manukato ya kisasa huyachanganya na viambato vya maabara. Kwa gharama hiyo, mnunuzi ana haki ya kupata kitu kizima. Chupa yangu ya kwanza niliinunua katika duka lililoipanga kwenye kabati la kioo mlangoni, penye jua la mchana kutwa. Kioevu kilikuwa kimegeuka njano, bergamoti imekufa, na mpulizo wa kwanza ulinuka spiriti tupu. Muuzaji alikataa kuibadilisha, jambo lililoniumiza sana. Ombeni chupa iliyo ndani ya boksi lake, iliyotolewa stoo na si dirishani.

Ya pili, ya mililita 50, naiweka ndani ya boksi lake katikati ya kanga, mbali na dirisha. Kaskazi nzima imepita na bergamoti yake bado ni kali kama siku nilipoifungua.