Leza ya vidonda vya mdomoni: siku ileile nilikula kachumbari

Vidonda vya mdomoni nimeanza kuugua tangu nikiwa sekondari. Haupiti mwezi wa pili kabla hakijachomoza kimoja, cheupe katikati na chekundu pembeni, ama ndani ya mdomo wa chini ama ubavuni mwa ulimi. Kadogo kama punje ya ulezi, lakini mtu mzima unaogopa kumeza mate. Msimu wa zabibu hapa Dodoma mimi huwa natazama wenzangu wakila.

Safari hii vilitoka vitatu kwa mpigo. Maji ya chumvi nimesukutua hadi nimechoka, na ile dawa ya zambarau imenipaka meno tu. Shemeji akaniambia kuna kliniki ya meno mjini wana leza, kifaa cha kutibu kwa mwanga. Nikapanda bajaji kutoka Nkuhungu roho ikidunda, maana nilijua naenda kuchomwa.

Daktari alianza na maswali: vina siku ngapi, najing'ata, nimekonda? Alisema kidonda kikivuka wiki tatu bila kupona, lazima kichunguzwe kwanza. Tukavaa miwani ya kukinga macho, mimi na yeye. Kifaa chenyewe ni kama kalamu, na ncha yake haikugusa kidonda, alikuwa anaizungusha tu kwa juu. Sindano ya ganzi hakuna. Nilisikia kajoto kidogo, dakika chache kila kidonda, basi.

"Haya dada, gusa kwa ulimi." Nikagusa taratibu, nikarudia, safari hii kwa nguvu. Yale maumivu ya kuchoma yameondoka! Mchana nikala ugali na kachumbari yenye ndimu, nikamaliza sahani.

Ila mapokezi waliniambia "ukipigwa leza havirudi tena." Hapo walinidanganya, na daktari mwenyewe alikanusha: inatuliza maumivu na kusaidia kidonda kufunga, lakini chanzo haikigusi. Vyangu vilichukua kama wiki kufunga kabisa. Akaniandikia kipimo cha damu, nikakutwa na upungufu wa madini ya chuma, sasa niko kwenye vidonge. Kipimo hicho nilipaswa kukifanya miaka mingi nyuma.

Nililipa 40,000 taslimu kwa vyote vitatu. Juzi kimetoka kingine ndani ya shavu. Hicho nimekiacha kipone chenyewe, hela naitunzia vile vya kwenye ulimi.