Rangi ya Premio yangu: gereji mbili, ubavu mmoja

Sumaku ya friji ilianguka. Nikaiokota, nikaiweka tena kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, nikaiachia taratibu. Ikateleza hadi chini kwenye mchanga. Nikaijaribu mlango wa mbele, ikang'ang'ania kama kupe. Chini ya ile rangi niliyoilipia shilingi laki moja na sitini kulikuwa na puti, ule udongo wa kujazia mabonde ya bati, nene kiasi kwamba sumaku haikulihisi bati.

Gari ni Toyota Premio ya rangi ya fedha. Ubavu huohuo umepita kwenye mikono ya gereji mbili hapa Dodoma, na tofauti niliyoiona ni kubwa mno kukaa nayo kimya. Gereji ya kwanza siitaji wala sisemi iko mtaa gani. Ya pili iko upande wa Kizota, na sina undugu na yeyote pale.

Ilianza mwezi wa saba, kwenye maegesho ya Soko la Ndugai kule Nzuguni. Guta lililojaa magunia ya vitunguu lilinikwangua kuanzia mlango wa nyuma hadi fenda, karibu na kifuniko cha tangi la mafuta. Mlango ukabonyea, bati la fenda likakunjamana. Kijana mwenye guta alikuwa anatetemeka, nikamwacha aende. Bima yangu ni ile ndogo ya mtu wa tatu, hailipi gari langu mwenyewe, kwa hiyo nilijua gharama ni yangu.

Nilichagua gereji ya kwanza kwa vigezo viwili: bei na haraka. Waliniahidi siku tatu na wakatimiza. Sehemu yenyewe ilikuwa wazi, chini ya mti, na anayeishi Dodoma anaujua upepo wa Julai unavyobeba vumbi. Siku ya pili nilipita nikakuta wanapiga msasa wa maji moja kwa moja juu ya puti tupu. Sikujua kwamba nilichokuwa nakiona ndicho kitakachoniumiza. Nikafuata gari saa kumi na mbili jioni, limetoka kuoshwa, maji bado yanatiririka, linang'aa. Nikalipa nikiwa na furaha kabisa.

Kesho yake asubuhi, kwenye maegesho ya ofisini Mtumba, jua likiwa limelipiga gari ubavuni, nikaona mlango wa nyuma ni fedha iliyokolea na wa mbele ni fedha iliyopauka. Nikijisogeza kuelekea mbele ya gari, mambo yanageuka, wa nyuma unaonekana mweupe zaidi. Mwezi wa nane petroli ikadondoka kidogo chini ya kifuniko wakati wa kujaza mafuta. Nilipoipangusa kwa kitambaa, mng'ao ukaondoka nayo. Halafu mvua zikaanza, na kufika Januari mlango ulikuwa umeota malengelenge madogo kama ngozi iliyoungua. Nilipotumbua moja kwa ukucha, ndani kulikuwa na unyevu na wekundu wa kutu. Ndipo nikaenda kuchukua sumaku jikoni.

Nimeelezwa baadaye sababu ya kila kimoja. Puti hunyonya maji. Ukiipiga msasa wa maji kabla ya kuifunika kwa praima, yaani rangi ya chini, maji yanabaki ndani, yanafika kwenye bati, na kutu inaanza kazi kimyakimya huku juu pakionekana pazuri. Kuhusu mng'ao ulioondolewa na petroli, klia ya gari, ile ya juu kabisa isiyo na rangi inayotoa mng'ao, inatakiwa kuchanganywa na hadina, ile dawa ya kuigandisha, kwa kipimo cha mtengenezaji. Ikichanganywa sawasawa ikakauka, petroli iliyopanguswa haiifanyi kitu. Ikipigwa bila hadina, au hadina ikapunjwa ili chupa ifike mbali, inabaki laini milele. Na fedha ina chembechembe za metali zinazolala ndani ya rangi: fundi akipiga rangi nzito yenye maji mengi chembe zinalala vingine na rangi inakolea, akipiga kavu kavu inapauka. Namba ya rangi inaweza kuwa sahihi na mlango bado ukakataa kufanana na mwenzake.

Mara ya pili sikuuliza bei kwanza. Jumamosi moja ya Februari nilizunguka gereji tatu. Watu wengi wakifika gereji wanatazama magari yaliyokwisha, yaliyopangwa mbele yanang'aa. Mimi nilikwenda nyuma kutazama yaliyo katikati ya kazi, kwa sababu gari lililokwisha haliwezi kukuambia kilicho chini. Gereji moja ilikuwa imeziba vioo kwa magazeti yaliyochanika, na raba za milango hazikutolewa wala kufunikwa. Nyingine kijana alikuwa anapiga klia akiwa amejifunga leso puani. Hilo lilinitosha kuondoka. Hadina hizi zina kemikali zinazoharibu mapafu na kuleta pumu ya maisha, na leso haizuii mvuke. Sitaki gari langu ling'ae kwa pumzi ya mtoto wa mtu, na siamini kwamba bosi anayebana pesa kwenye barakoa habani pia kwenye klia.

Gereji ya Kizota haikuwa na oveni, kile chumba cha kisasa cha kupakia rangi. Ilikuwa na chumba cha mabati kilichozungushiwa nailoni, sakafu ya saruji, na feni ya kutolea hewa. Aliyekuwa anapiga rangi alivaa barakoa yenye vichujio viwili pembeni. Magari mawili yalikuwa yametolewa vitasa vya milango, taa na raba, vyote vimewekwa kwenye maboksi yaliyoandikwa namba za magari. Nikamwambia fundi mkuu, mzee wa makamo, kwamba naomba kuona gari alilolipaka zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Hakukasirika. Akampigia mteja wake, mwalimu anayeishi Kikuyu, na jioni ile nikaenda kuliona. Lilikuwa limepita msimu mzima wa mvua na jua lake, na sikuona mpaka kati ya palipopakwa na rangi ya kiwandani hadi mwalimu mwenyewe aliponionyesha. Kama ungeniruhusu kufanya jambo moja tu kabla ya kuchagua gereji, ningefanya hilo.

Nilirudi Kizota kuacha gari. Mzee akakataa kulipokea.

"Dada yangu, mvua hizi siwezi. Hewa ina maji, na kutu yako lazima nikaushe mpaka ndani. Njoo mwishoni mwa mwezi wa nne. Lakini usinipite mpaka mwezi wa saba, upepo ukianza nitakuwa napaka vumbi."

Fundi anayekataa pesa ya leo kwa ajili ya kazi yako hapatikani kila siku. Nikasubiri miezi miwili na malengelenge yangu.

Bei yake ilikuwa laki nne na ishirini, nusu kwanza, kwa risiti ya EFD, na juu yake ameandika kwa mkono kwamba rangi ikichubuka au kuvimba ndani ya miezi kumi na miwili anarudia bure. Ni ghali, sitasema vinginevyo. Ila ukijumlisha laki moja na sitini niliyoitupa, mimi ndiye niliyelipia ubavu mmoja karibu laki sita.

Nilikuwa napita karibu kila siku nikitoka kazini. Kwanza walikwangua kila kitu hadi bati jeupe. Puti iliyotoka pale mlangoni ilikuwa vipande vya unene wa kidole changu kidogo. Mzee aliniambia puti ni ya kusawazisha tu, ikizidi milimita tatu ujue fundi amekwepa kunyoosha. Wakaondoa waya wa betri kabla ya kuchomelea chochote, wakafungua kava ya ndani ya mlango, wakachomelea pini ndogondogo kwenye bonde la bati na kulivuta kidogo kidogo. Mahali pengine walisukuma kutoka ndani. Iliwachukua siku mbili nzima bila tone la rangi, na ukipitisha kiganja ukiwa umefumba macho ulikuwa huoni tena bonde liko wapi. Niliuliza kuhusu upande wa ndani wa bati, kwa sababu kuchomelea kunaunguza kinga ya kutu. Akanionyesha walivyopaka dawa ya kutu kwa ndani. Nafurahi niliuliza, na nafurahi zaidi kwamba alikuwa ameshafanya.

Puti ikaja nyembamba, ikapigwa msasa mkavu, namba 80 kisha 180 kisha 320. Praima. Ndipo maji yakaruhusiwa, na msasa wa 800 kwa sababu fedha inaonyesha kila mkwaruzo ulioachwa chini yake.

Sehemu ya rangi ndiyo iliyonifundisha zaidi. Namba ya rangi ya gari langu, 1F7, imeandikwa kwenye kibati kilicho ndani ya boneti, kwenye ukuta wa nyuma wa injini. Premio nyingi zilizotoka Japani utaikuta hapo. Lakini mzee hakuridhika na namba. Gari limepigwa jua miaka mingi, alisema, siyo rangi iliyotoka nayo kiwandani. Akafungua kifuniko cha tangi la mafuta, ambacho gereji ya kwanza hawakukigusa, akaenda nacho kwenye duka linalochanganya rangi. Aliporudi alipiga rangi kwenye vipande vitatu vya bati, akavipaka klia, akatoka navyo juani, kisha kivulini, kisha akavitazama kwa kuinama kutoka ubavuni. Kipande cha pili ndicho kilichokubali.

"Fedha ndiyo inayomuumbua fundi," akasema. "Nikiishia kwenye ukingo wa mlango wa nyuma, utauona mpaka. Niache niipoteze rangi taratibu kwenye mlango wa mbele, halafu klia ipigwe mlango mzima."

Nilisita, maana mlango wa mbele ulikuwa mzima. Nikamruhusu. Alikuwa sahihi.

Walipiga rangi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujaamka, sakafu ikiwa imemwagiwa maji ili vumbi lisinyanyuke. Kabla ya kuanza kijana alifungua koki chini ya tenki la kompresa, yakatoka maji kama kikombe cha chai. Maji hayo yakipita kwenye bunduki ndiyo yanayoacha vitundu kwenye rangi. Kati ya mkono mmoja wa rangi na mwingine walisubiri, mzee ana saa, anaitazama.

Siku ya kukabidhiwa nilikataa gari kuoshwa kwanza, na nilikwenda saa nne asubuhi. Nililisogeza karibu na nguzo ya umeme nikaangalia taswira yake ikipita kwenye milango miwili. Ikikatika au kuyumba, bati halikunyooka. Yangu ilipita imenyooka. Nikafungua milango kutazama kingo na bawaba, nikavuta raba kuona kama kuna rangi imejificha chini yake, nikapima kwa vidole nafasi kati ya mlango na fenda, juu na chini. Sumaku nilikuja nayo mkobani, nimeizungushia kitambaa. Ikashika kila mahali, hata pale palipokuwa na shimo.

Kasoro zilikuwepo. Waliahidi siku sita za kazi, zikawa tisa, na mara mbili simu haikupokelewa. Chini ya fenda, karibu na tairi, uso wa klia una vinundu vidogo kama ganda la chungwa. Jicho la kawaida halioni, langu linaona. Kulikuwa na punje moja ya vumbi mlangoni. Niliionyesha, kijana akaipiga msasa wa 2000 na polishi mbele yangu, ikaisha kwa dakika kumi.

Mzee alinikataza nta kwa mwezi mzima ili klia imalize kupumua, na akanionya kuhusu kitu ambacho hapa Dodoma tunakifanya kila siku: kupangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Vumbi letu ni mchanga, na kitambaa kikavu juu yake ni msasa. Vijana wa maegesho Mtumba sasa wananijua, hawaligusi bila maji. Kinyesi cha ndege nakitoa siku hiyohiyo, maana jua hili likikioka kinakula klia.

Ni Aprili tena sasa, mwaka umepita. Msimu wa mvua umepita juu ya mlango ule na hakuna lengelenge hata moja. Petroli imeshadondoka pale chini ya kifuniko mara mbili, nimeipangusa na mng'ao umebaki. Mzee aliniachia rangi iliyobaki kwenye kichupa chenye namba ya gari langu. Jiwe liliponirukia barabara ya Kondoa nilijaza alama yake kwa kijiti cha kiberiti. Bampa ya mbele ina mkwaruzo wa zamani ambao sasa unanikera kuliko zamani. Nimeshampigia. Amesema niilete kabla ya tarehe ishirini ya mwezi wa tano, upepo haujaanza.