Tangi lililokaa kavu: miaka 6 yangu kwenye SACCOS moja ya Moshi

Nianze na tangi. Simtanki nyeusi ya lita 5,000 imesimama juu ya msingi wa matofali kando ya darasa la tano, kwenye shule ya msingi ninayoipita kila siku nikirudi nyumbani, nje kidogo ya Moshi mjini. Ubavuni lina jina la SACCOS yetu, yaani chama cha kuweka akiba na kukopa, kwa rangi nyeupe, herufi kubwa kiasi kwamba ukiwa juu ya bodaboda unalisoma bila dereva kupunguza mwendo. Tulilikabidhi mwanzoni mwa Julai 2023, wiki ya Siku ya Ushirika Duniani, kwa ngoma, fulana mpya na picha nyingi. Masika ya mwaka uliofuata mvua ilipiga bati mpaka walimu wakaacha kufundisha kwa kuwa hawasikiki. Tangi likabaki kavu. Hakuna aliyekumbuka kununua gata, ule mfereji wa kukinga maji ya bati.

Naandika kwa sababu haupiti mwezi mtu hajaniuliza kibandani, "Mama, hiyo SACCOS yenu ikoje? Nasikia mnasaidia sana jamii." Mimi ni fundi cherehani, mwanachama tangu 2019, na jibu langu ni refu kuliko suruali zote nilizowahi kukata pindo.

Nilijiunga kwa shida, si kwa mapenzi. Nilikuwa nimeingia kwenye mikopo ya kausha damu: laki 3 za kununulia mashine ya ovaloki, marejesho kila wiki, na ukichelewa siku moja anakuja kijana anakaa kwenye benchi la wateja wako bila kusema kitu. Kazi yake ni kukaa tu, watu waone. Jirani yangu wa kibanda cha pili alipoona ninafunga mapema kila Ijumaa, akaelewa, akanipeleka chamani. Unalipa kiingilio, unanunua hisa, unaweka akiba kila mwezi. Baada ya miezi mitatu unaruhusiwa kukopa hadi mara tatu ya akiba yako, ukileta wadhamini wawili wanachama. Riba yetu ni asilimia 1.5 kwa mwezi, na inatozwa kwenye salio lililobaki, kwa hiyo kadiri unavyolipa nayo inashuka. Mwanachama akifariki deni halimfuati mjane wala wadhamini, linalipwa na mfuko wa kinga ya mikopo tunaouchangia wenyewe.

Lawama yangu upande wa mikopo ni Januari. Kila mtu anataka mkopo wa ada mwezi huo, kamati ya mikopo inakaa kila baada ya wiki mbili kama vile ni Agosti, na mwaka jana fomu yangu ilitoka wakati mwanangu ameshakosa siku nane za masomo. Nimeshalisema ofisini, nalisema na hapa.

Sasa hilo la jamii. Wengi wanadhani ni kama kampuni kubwa inayogawa madawati ipate kuonekana kwenye taarifa ya habari. Chamani hakuna tajiri aliyejificha. Mwaka ukifungwa, hesabu zikakaguliwa, kama kuna ziada inatengwa akiba ya lazima ya chama chenyewe, kisha mkutano mkuu ndio unaoamua kiasi gani kiwe gawio la hisa na kiasi gani kiingie mfuko wa jamii. Dawati likitoka pale, msumari mmoja ni wangu.

Ndiyo maana mara ya kwanza sikunyoosha mkono. Gawio langu lilikuwa shilingi elfu 23 na kidogo, halafu naambiwa tulipunguze ili tuwape watu ambao hawajaweka hata mia? Afisa ushirika wa wilaya alikuwepo, akasimama kutukumbusha kwamba ushirika una misingi saba, na wa saba ni kuijali jamii. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akamjibu, "Mheshimiwa, wa tatu ni ushiriki wa wanachama kiuchumi. Na tatu huja kabla ya saba." Ukumbi ukacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Baadaye nikaja kujua huo msingi wa saba uliandikwa rasmi mwaka 1995 tu, huko Manchester, Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika ulipoipitia misingi upya. Huku kwetu jambo lenyewe halikusubiri karatasi. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ipo tangu 1933, na familia nyingi za mlimani zina babu au mjomba aliyesomeshwa na kahawa. Mzee yule yule wa "tatu kabla ya saba" ni mmoja wao, alikiri kwangu mwenyewe tukiwa foleni ya chakula.

Kura ilipita bila mimi. Kilichonigeuza ni kitu ambacho hakijawahi kupigwa picha.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi mhasibu wetu huacha mlango wa ofisi wazi mpaka saa nane, na mtu yeyote, mwanachama au la, anaingia na karatasi yake ya mkopo kutoka popote alikokopa. Nilipita siku moja kuchukua risiti nikamkuta binti muuza chakula stendi, ameshika mkataba uliokunjwa mara nne, una alama ya mafuta ya kupikia. Umeandikwa riba asilimia 10. Mhasibu akamuuliza, "Kumi kwa muda gani, dada?" Binti hajui. Wakatafuta pamoja, kidole juu ya mstari, wakakuta neno "wiki". Mhasibu akageuza kalenda ya ukutani, akaandika nyuma yake: asilimia 10 ya laki 2, mara wiki kumi na mbili, juu yake ada ya fomu na "bima" ambayo hakuna anayejua inamkinga nani. Jumla ilipotoka binti hakusema kitu. Alitoa simu akapiga picha ile kalenda. Mimi nikasahau risiti yangu mezani. Mwaka 2018 ningempa nini mtu wa kunigeuzia kalenda namna ile?

Huduma hiyo inagharimu chama posho ya mhasibu ya siku moja, na hakuna bango lake popote.

Tangi, kwa upande wake, lilikuwa na bango. Kwenye mkutano mkuu wa 2024, tulipofika kipengele cha mengineyo, niliomba nafasi nikauliza gata iko wapi. Jibu: bajeti ilikuwa ya tangi na msingi. Nikasoma kutoka kwenye kitabu cha taarifa walichotugawia wenyewe: fulana 60, elfu 12 moja, jumla laki 7 na elfu 20. Fundi bati mmoja, naye mwanachama, akasema kwa sauti bila kuomba ruhusa kwamba gata ya darasa lile na bomba lake haifiki laki 4. Kimya. Halafu mtu akasema, "Basi tuliivaa sisi hiyo gata." Bodi haikujitetea sana, nawapa haki yao. Vifaa vikatoka mfuko wa jamii, mafundi wakawa wanachama wenyewe bila malipo, na vuli ya mwaka ule tangi likajaa hadi likamwaga. Tatizo lililobaki ni kufuli la koki. Mwalimu wa zamu akisahau ufunguo nyumbani, watoto wanayaangalia tu maji.

Tusidanganyane lakini kwamba tumeacha fulana. Mwaka 2025 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Ushirika, wa pili baada ya 2012, na sisi tukauadhimisha kwa fulana na kofia juu.

Kwa anayeuliza, natoa nyota nne kati ya tano. Moja nimeishikilia kwa ajili ya Januari na hizo kofia. Ukitaka kujiunga na chama chochote, si hiki chetu tu, omba kwanza kuona leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, maana tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 SACCOS haifanyi kazi bila leseni, kisha omba hesabu zilizokaguliwa. Wakikwambia wanasaidia jamii, uliza nani aliomba msaada huo na kwa maneno gani. Sisi safari ya tangi hakuna aliyemuuliza mwalimu mkuu.

Mwaka huu aliulizwa. Hakutaja madawati wala kompyuta. Alisema matundu mawili ya choo cha wasichana na mahali pa kunawia. Makadirio yameshabandikwa ofisini, mstari kwa mstari, mpaka bei ya bawaba za milango. Nimeyasoma mara mbili nikitafuta fulana sikuziona. Kura ni mwezi ujao, na safari hii nanyoosha mkono.