Tovuti ya kuchambua namba kubwa: haikati tarakimu, ila kusubiri kupo

Kama unatafuta kitu cha kukwambia namba ndefu ni tasa au la, vigawo vyake, kipeuo chake, jumla ya tarakimu na mambo kama hayo, za bure zipo kibao ila nyingi zinakudanganya kimyakimya. Mi huwa nazipima na 147573952589676412927, yaani 2 kipeo cha 67 ukatoa 1. Programu niliyokuwa naitumia kwenye simu ilivyopokea hiyo namba ikaionyesha 147573952589676410000, halafu chini yake ikaandika eti kigawo tasa ni 2 peke yake, mara 67! Sasa namba inaishia na sifuri, 5 imeenda wapi?? Shida ni kwamba programu nyingi zinatunza namba kwa namna ambayo namba nzima zote zinakaa sawasawa mpaka 9007199254740992 tu, ukivuka hapo zinaanza kukadiria na hazikwambii.

Hii haina huo upuuzi. Imebakiza tarakimu zote 21, ikasema si tasa, ikaleta 193707721 × 761838257287 na idadi ya vigawo 4 (ukihesabu na 1 na namba yenyewe), na ukiitaka kwa 0 na 1 inakumwagia moja 67 mfululizo bila sifuri hata moja. Papo hapo! Mwanahisabati Mersenne aliiweka kwenye orodha yake ya namba tasa mwaka 1644, na hivyo vigawo viwili vilikuja kuonyeshwa na mwanahisabati Frank Nelson Cole mwaka 1903, kwa hesabu za mkono, we acha tu.

Nikaipa na 12345678987654321, ikajibu ni 111111111 mara yenyewe, vigawo 45. Pembeni wameweka maelezo mafupi kwamba vigawo vikiwa idadi witiri basi hiyo ni namba ya mraba, maana kila kigawo kina mwenzake wa kuzidishana naye isipokuwa kipeuo, chenyewe kinajizidisha. Hapo nimewapenda.

Ukiweka namba ya tarakimu mia na kitu mara nyingine inasema si tasa halafu vigawo haileti, na mtu anaweza kudhani imeharibika. Hapana, kujua namba si tasa ni kazi nyepesi kuliko kuipasua, hata hiyo ya kwanza mwanahisabati Lucas alishaonyesha mwaka 1876 kwamba si tasa bila kuwa na kigawo chake hata kimoja. Kinachoniudhi ni kwamba haisemi kama imekata tamaa au bado inatafuta, kale kaduara kanazunguka tu na kitufe cha kusimamisha hakuna. Nyota 4 basi, ya tano nimeizuia kwa hilo kaduara. Na ukibandika namba yenye mikato ndani inagoma, kwa hiyo ifute kwanza.